Vyumba Viwili kwa Haji Siyat

Haji Siyat alifariki Alhamisi asubuhi na akazikwa kabla ya alasiri, kama ilivyo desturi yetu, na Ijumaa baada ya swala nilikuwa nimekaa kwenye mkeka uani kwake, hapa Garissa, viatu vyangu vya Nairobi vimeshapotea katikati ya malapa ya watu, nikiutazama mlango wa chumba cha kona. Nimefika umri ambao daktari ananikataza nyama ya ngamia na mke wangu ananikataza kusimulia jambo lilelile mara mbili mbele ya wageni, kwa hiyo sikumwambia mtu kwamba mlango ule naujua. Bado ni ule wa bati, rangi yake ya kijani imebabuka, na bado una komeo lisiloingia mpaka uinue kidogo mlango kwa goti. Kando yangu wazee wawili walikuwa wakiongea kwa ile sauti ya matangani ambayo huanza na rehema za Mwenyezi Mungu na kuishia kwenye kodi. "Allah amrehemu, alikuwa mtu wa watu," alisema mmoja. "Amrehemu. Sasa hizi ploti watoto watazifanyaje?" "Watapandisha kodi." "Watapandisha? Walishapandisha alipolazwa." Wakanywa chai. Mimi nikaukumbuka mwaka ule kaunti zilipoanza, mwaka niliotafuta nyumba katika mji huu mpaka nikaipata, na kuipata ndiko kulikonimaliza.

Niseme mapema kwamba nilikuwa na shahada ya mipango miji. Tasnifu yangu ilihusu makazi ya bei nafuu, ilikuwa na michoro ya rangi, na mhadhiri aliyeisimamia aliniambia nina jicho. Nikarudi Garissa na jicho langu nikapewa kazi ya mkataba katika ofisi moja ya serikali, ambako kutwa nzima nilichora mitaa yenye nyumba ndogo nadhifu, kila moja na mti wake, halafu jioni nikarudi kulala nyuma ya duka la vipuri, chumba kimoja na wanaume wengine watatu, kichwa changu kikiwa chini ya rafu ya mikanda ya injini. Mjini waliniita Injinia. Niliwaeleza mara nyingi kwamba mimi si injinia, na kila nilipoeleza jina lilizidi kushika. "Injinia, umepata nyumba?" aliniuliza muuza chai kila asubuhi, na watu kwenye benchi wakacheka kabla sijajibu. Kaunti ilikuwa imeleta watu wenye mishahara kutoka Nairobi, na wenye nyumba walikuwa wamegundua kwamba chumba kilekile, bila kuongezewa hata msumari, kinaweza kuwa cha bei nyingine kikipakwa chokaa.

Nyumba haikuwa ya kwangu. Mimi ningeweza kulala chini ya ile mikanda mpaka leo. Ilikuwa ya mama, Hooyo, aliyekuwa kijijini Kotile na kisukari na kidonda mguuni ambacho kilikataa kufunga. Muuguzi aliyekiona aliniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba mama huyu anahitaji sindano zake zikae kwenye baridi, kidonda kisafishwe kila baada ya siku mbili, na zaidi ya yote akae, asisimame, mguu uwe juu. Akifanya hivyo mguu utabaki. Asipofanya, utaondoka. Kotile wakati huo hapakuwa na stima ya kuendesha friji, na kumwambia mama yangu akae ilikuwa kama kuuambia upepo ukae. Kwa hiyo nilitaka vitu vichache tu: stima, maji ya mfereji, mlango usio na ngazi, na umbali ambao mkokoteni wa punda ungeweza kumfikisha kliniki. Ukizisoma hizo sifa katika tasnifu yangu zimeandikwa zote, ukurasa wa mwanzo kabisa, kama mambo ambayo kila binadamu anastahili. Mji wa Garissa ulikuwa haujaisoma.

Dalali wangu alikuwa Bare, jamaa mrefu mwenye shavu moja lililovimba kwa majani ya mairungi kuanzia adhuhuri, ambaye alimjua kila mwenye nyumba na deni la kila mwenye nyumba. Tulitembea Iftin, tukatembea Bulla Mzuri, tukapita vichochoro ambavyo hata mbuzi huvipita kwa kufikiri. Mlango wa kwanza tuliobisha ulifunguliwa na mama mmoja mwenye miwani, ua wake safi, vyumba vimepangana, nguo za watoto zimeanikwa. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Una bibi?" Nikasema sina. "Basi hapa ni pa familia. Mwanamume peke yake siweki." Nikamwambia nyumba ni ya mama yangu. "Yuko wapi?" Kotile. "Mlete nimuone." Nikampigia Hooyo simu jioni hiyo, nikiwa nimepanda juu ya tangi la maji ili mtandao ushike. "Nije nikae wapi?" aliuliza. Kwenye nyumba, Hooyo, ukija nitapewa. "Nyumba gani?" Ambayo nitapewa ukija. Nikasikia kengele za mbuzi wake. "Mwanangu, chuoni walikufundisha hivyo? Pata nyumba, halafu uniite. Mimi si kizibo cha mtungi nibebwe nikajaribiwe kila mlango." Kila ua ukawa na jibu hilohilo: lete mwanamke ndipo upate nyumba. Na mwanamke wangu alikuwa na sharti lake: pata nyumba ndipo nije. Nafasi hakuna, walisema, na nyuma yao nilikuwa nikiona vyumba vitupu vyenye kufuli. Hooyo naye kila nilipompigia alikuwa akisema mguu unaendelea vizuri, kwa sauti ambayo hata mtandao mbovu haukuweza kuificha.

Siku Bare aliponipeleka kwa Haji Siyat alinionya njiani. "Waryaa, huyu mzee anapenda sana mambo ya majina. Akikuuliza, jibu kidogo." Sikuelewa. Haji alikuwa ameketi uani papa hapa nilipoketi Ijumaa, ndevu nyekundu kwa hina, akila chapati laini za anjera kwa chai, na alipotuona alitusogezea sahani kwanza ndipo akaitikia salamu. Alikuwa na vyumba viwili vya kona vyenye stima, mfereji mlangoni, hakuna ngazi. Niliviona, nikaanza kupima kwa macho friji itakaa wapi. Sikuulizwa kazi wala mshahara. Haji alipangusa vidole akasema, "Wewe ni wa nani?" Sasa, kila mtoto wa kwetu hufundishwa majina ya baba zake kabla ya kufundishwa kuhesabu: baba, babu, baba wa babu, kwenda juu mpaka mtu anakosa pumzi. Hiyo ndiyo abtirsi. Chuoni nilikuwa nimeandika makala nzima nikiilaumu kwa kugawa mitaa ya miji yetu. Lakini tumbo langu lilikuwa na anjera ya mzee, na vile vyumba vilikuwa mbele yangu, basi nikaanza, na nilipoanza ile sauti ya utotoni ikanijia, nikawa natiririka kama mtoto wa madrasa anayetaka asifiwe. Jina la nne, la tano. Bare akanikanyaga mguu. Nikadhani ni bahati mbaya nikausogeza. Jina la sita, na nilipotaja la saba Haji alipiga goti lake kwa kofi. "Simama! Huyo ni ndugu wa babu yetu! Huyo ndiye huyo!" Akasimama akanikumbatia na mikono yake ya mafuta, akamwita mkewe aje amuone mtoto wa nyumbani, akaapa kwa Mungu kwamba kodi atanipunguzia mpaka iwe aibu kuitamka. Nikatoa kalamu nikauliza tutaandikishana wapi. Alicheka mpaka akakohoa. "Tuandikishane? Mimi na wewe?"

Nje ya geti nilitaka kumkumbatia Bare naye. Yeye alikuwa amekasirika. "Injinia, umeharibu kazi." Nimeharibu vipi, nyumba si nimepata? "Nyumba umepata. Kama ungenyamaza kwenye jina la tano, ungekuwa mpangaji. Mpangaji anafunga mlango wake, anasema hapana, hata na mwenye nyumba anagombana. Sasa wewe umekuwa ndugu." Akatema majani. "Nilikukanyaga, wallahi. Kiatu changu kimeraruka." Nilimcheka. Nilimwona mtu mdogo aliyekosa udalali wake kwa sababu ndugu wamekutana bila yeye. Nikaenda nikanunua friji ndogo ya mitumba, kitanda cha mbao, godoro, na kiti cha plastiki cha kuwekea mguu. Kwa siku kadhaa nilikaa katika vile vyumba peke yangu, na sijawahi tangu hapo kukaa mahali pazuri namna ile. Sakafu ya saruji ilikuwa baridi chini ya nyayo. Asubuhi jua liliingia mpaka usawa wa friji likasimama. Dawa ya Hooyo, ambayo nilikuwa nimeichukua mapema kliniki, niliipanga kwenye rafu ya juu ya friji, kisha nikawa nafungua mlango wa friji bila sababu, kuiangalia tu, halafu naufunga.

Mvua haikunyesha mwaka ule upande wa Hulugho. Kabla Hooyo, niliyekwisha kumwita, hajamaliza kugawa mbuzi wake kwa wa kuwachunga, Haji alibisha mlango na nyuma yake alikuwa amesimama mwanamke kijana, Shamso, na watoto wake, na baba mkwe wake kipofu akiwa ameshika ncha ya shuka lake. Mifugo yao ilikuwa imeisha. Mume alikuwa amekwenda kutafuta kibarua na hakuwa ametuma neno. "Hawa ni ndugu zetu," alisema Haji. "Na ukihesabu vizuri, wako karibu na wewe kuliko na mimi." Akahesabu, pale pale mlangoni, na ilikuwa kweli. Wapangaji wake wengine, mwalimu wa kutoka Meru na karani wa benki, walikuwa ndani ya vyumba vyao wamefunga milango, na Haji hakuwatazama hata mara moja. Nikasema ahlan, karibuni. Nikawapa chumba cha pili. Wiki iliyofuata wakaja wengine, na baada yao wengine, na kila mmoja alikaribishwa na Haji kwa furaha ya kweli kisha akaelekezwa kwenye kona. Nikaanza kulala mlangoni kama kufuli.

Katika hali hiyo ndipo Hooyo alipofika, ameshuka kwenye lori la mbuzi, mguu umefungwa kwa kitambaa cha leso. Nilikuwa nimejitayarisha kumwomba radhi. Alisimama mlangoni akaangalia watoto, vyungu, mzee kipofu juu ya godoro lake yeye, na uso wake ukang'aa kama wa bibi harusi. "Mashallah," alisema. "Kumbe mwanangu ana nyumba." Nilimsogezea kiti cha plastiki. Hakukikalia. Mwenye nyumba kwetu haketi wageni wakiwa wamesimama, wala hali kabla hawajala, na Hooyo alikuwa, kwa mara ya kwanza tangu ukame uanze, mwenye nyumba. Aliamka kabla ya adhana kukanda unga wa anjera, akachemsha chai kwa sufuria ya harusini, akasimama, akasimama, akasimama. Nilipomkumbusha alichosema muuguzi, alinijibu kwa kunong'ona ili wageni wasisikie: "Unataka waseme mama wa Injinia amewapokea akiwa ameketi?" Kila mgeni mpya alipochungulia mlangoni na kuona umati, Hooyo alisema, "Nafasi ipo, ingieni." Sauti yake ikisema maneno hayo bado naisikia. Friji ilijaa maziwa ya ngamia ndani ya jerikeni ndogo, watoto wakaifungua mchana kutwa ili kuweka nyuso zao kwenye ubaridi, stima ikakatika inavyopenda. Siku moja nilikuta chupa za sindano zimewekwa dirishani, juani, kwa heshima, ili kupisha maziwa ya mzee kipofu.

Shamso ndiye aliyemfanyia Hooyo kazi ambayo mimi, na jicho langu, sikuiweza. Alimpakia kwenye mkokoteni wa punda akampeleka kliniki, alimwosha mguu, alimficha unga ili asikande. "Eedo, kaa," alimwambia, akimwita shangazi. "Kaa, au nitakukalia juu." Hooyo alicheka na kusimama. Nilipomwendea Haji kumwomba awapatie wageni mahali pengine, alikuwa akitawadha, akanitazama na birika mkononi bila hasira, kwa mshangao tu. "Nimsaidie nani sasa, ewe mwanangu? Nimwambie nani kwamba sisi hatukupokea watu wetu? Useme wewe. Nenda uwaambie, kisha uje uniambie walisema nini." Sikwenda. Nikamtafuta Bare anitafutie nyumba nyingine. "Nani atakupa? Mji wote unajua Haji alikupa bure. Ukimtoka, kila mwenye nyumba wa kwetu atauliza ulimfanyia nini mzee." Hata hivyo alinivusha daraja tukaenda Madogo, kwa mwenye ploti mmoja Mkamba, Bwana Mutua, na pale Bare akatumia Kiswahili chake cha sokoni: "Bwana Mutua, huyu ni mtu bole sana, hana makelele, mama yake mgonjwa. Wewe bangisha yeye tu." Mutua alitufungulia chumba kimoja kidogo, stima iko, maji yako, kitasa kipya. "Mimi siulizi babu ya mtu," alisema. "Nauliza tarehe moja utakuwa wapi." Nilikaribia kulia. Nilikuwa sijawahi kusikia maneno mazuri namna hiyo.

Nikarudi mbio nikamwambia Hooyo kuna chumba, ni chetu peke yetu, kimya, utakaa. Alikuwa akipepeta mchele. Aliuliza, "Na hawa?" Nikasema watabaki hapa. "Wabaki na nani? Niwaache wageni nyumbani kwangu, nikajifungie ng'ambo ya mto na sindano?" Nikamwambia mguu, Hooyo. Akautazama kama mtu anavyomtazama mpangaji msumbufu. "Huu nao una makelele mengi," alisema. Kesho yake, kwa sababu nilikuwa nimelalamika kwamba hana pa kulala, alipata suluhisho. Yeye na Shamso walikata matawi kando ya mto, wakayakunja, wakasuka, wakakusanya vipande vya mikeka ya zamani, magunia na nailoni ya maduka, na kabla ya magharibi kulikuwa na aqal, kibanda cha mviringo cha wachungaji wa kwetu, kimesimama uani nyuma ya chumba cha kona. Haji alitoka kukiangalia akafurahi mpaka akakisomea dua. Mama yangu, niliyemtafutia nyumba yenye stima mwaka mzima, akaingia humo kwa kutambaa, akalala. Hiyo ndiyo nyumba ya bei nafuu pekee niliyoiona ikijengwa kwa macho yangu, na mimi mtaalamu nilitumwa kushika kamba.

Mguu waliukata chini ya goti. Daktari alieleza kwa maneno mengi na mimi nilisikia moja tu. Hooyo alipozinduka aliniuliza wageni wamekula nini, halafu akainua shuka, akaangalia, akasema, "Sasa hata chumba kidogo kitanitosha." Nilikwenda mbio Madogo. Chumba cha Mutua kilikuwa kimechukuliwa, tarehe moja ilikuwa imepita. Na Hooyo hata hivyo hakukitaka, wala hakurudi kwa Haji, maana mwenye nyumba asiyeweza kusimama alijiona amegeuka mgeni. Aliomba arudishwe Kotile. Huko hapakuwa na friji. Alifariki kabla ya mvua kurudi, na waliomzika walisema nyumba yake ilikuwa imejaa watu. Mkataba wangu ofisini uliisha mwezi huohuo. Mitaa niliyoichora haikujengwa, na nasikia michoro yenyewe ilikwenda jalalani pamoja na meza. Nikaenda Nairobi, ambako hakuna aliyewahi kuniuliza jina la babu yangu wa saba, na ambako kwa miaka hii yote nimekuwa mpangaji mwema, mwenye mkataba, nikigombana na mwenye nyumba juu ya bomba linalovuja. Kila anaponitishia kwa barua namshukuru kimoyomoyo.

Basi Ijumaa hiyo, chai ikizunguka, mtoto mkubwa wa Haji alikuja kuchuchumaa mbele yangu, funguo za gari kidoleni. "Adeer," alisema, ndiyo kusema ami yangu, "Mzee alikuwa anakutaja sana. Hii tunabomoa, unajua. Tunaweka fleti, ghorofa kadhaa, za watu wa kazi. Wewe si ni wa hizo mambo za mapulani? Utatuangalizia." Nikauliza walio ndani je. "Wapangaji wamepewa notisi." Na chumba cha kona? Alionekana kuona haya kidogo. "Ah, hao si wapangaji." Akainuka kwenda kupokea watu getini.

Mlango wa kijani uliinuliwa kwa goti kutoka ndani, ukafunguka. Aliyetoka alikuwa Shamso, amenenepa, ana miwani, birika la chai mkononi. Hakuwahi kuondoka. Mume hakutuma neno, mzee kipofu alifia humo, watoto wakakua humo wakaoa na kuolewa, na Haji hakumdai kitu wala kumwandikia kitu, na sasa Haji alikuwa kaburini na ahadi zake zote. Alinimiminia chai bila kuniuliza kama natumia sukari, akakaa ukingoni mwa mkeka kwa shida, mguu mmoja ameunyosha mbele, na nikaona kwamba kifundo chake kimevimba. Niliutazama, akaufunika kwa pindo la nguo yake ya guntiino. "Si kitu," alisema. "Ni kusimama tu." Tukamwombea Hooyo rehema. Tukazungumza habari za watoto. Kisha, akiangalia birika na si mimi, akasema, "Injinia, hawa vijana wanabomoa. Nimeuliza Iftin, nimeuliza kila mahali. Wananiuliza mume wako yuko wapi. Huko kwako Nairobi, nafasi ipo?"

Nyumba yangu ina vyumba viwili, ghorofa ya nne, lifti hakuna, na mkataba unataja kwa majina watu wanaoruhusiwa kuishi humo. Mke wangu analala na taulo mlangoni kuzuia mbu na jamaa. Nilikuwa na muda wa kutosha kusimama kwenye jina la tano, kama Bare alivyotaka. "Nafasi ipo," nilisema.

Shamso akacheka kile kicheko chake cha zamani, akanipokonya kikombe kilichokuwa bado kimejaa nusu akakijaza tena. "Unaongopa vizuri," alisema. "Kama Eedo." Akajiinua kwa kushika bega langu, akaenda kuwamiminia wengine, amesimama.